Nta Kwenye Mitungi ya Mahujaji

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Kufa, zama za watu wema waliotangulia, alikuwapo Mundhir bin Rabia, mwenye karakana ya ufinyanzi. Alikuwa mcha Mungu, na hakuchelewesha ujira wa mtu. Lakini karakana yake ilikuwa na ada moja: ambaye mtungi wake ulipasuka tanurini alivishwa shingoni mkufu wa vigae, akaenda nao hadi msikitini. Mundhir aliamini kwamba ada hiyo hufunza uangalifu. Na kwa muda mrefu hakukuwa na mtungi uliotoka na ufa, naye akimshukuru Mola kwa neema hiyo.

Siku moja alichukua mtungi uliokuwa juani tangu asubuhi, atawadhe kwa swala ya Alasiri. Maji yakamchuruzikia miguuni. Alipopapasa ubavu wa mtungi, kidole kikazama kwenye nta iliyolainika, iliyopakwa vumbi la udongo ili isijulikane.

Akafahamu kwamba ufa ulizibwa ili asiuone. Uani ilikuwapo mitungi ya mahujaji, imekwisha kufungwa kwa majani makavu, na msafara ulikuwa uondoke jioni ile ile. Kuijaribu kwa maji kusingesaidia, maana nta huzuia maji mpaka ipate jua kali, na jua hilo lingewakuta waja wa Mwenyezi Mungu katikati ya jangwa. Waliojua ni mitungi ipi yenye nyufa ni wale walioiziba tu.

Akawakusanya wafinyanzi, akawaeleza, akaapa kwamba hatamvisha mtu vigae. Wote wakainamisha macho. Akarudia kwa upole. Ndipo Bi Lubaba, aliyekanda udongo pale tangu enzi za baba yake Mundhir, akasema huku akifuta mikono:

"Mwanangu, na Nufail ulimwambia hivyo hivyo."

Mundhir akakumbuka. Nufail, mmoja wa wafinyanzi hao, aliwahi kumletea mwenyewe mtungi wenye ufa, baada ya kuahidiwa kwamba msema kweli hataadhibiwa. Lakini siku hiyo Mundhir alikuwa na wageni, akaona haya mbele yao, akamvisha. Tangu hapo ndipo mitungi ilipoacha kutoka na nyufa. Aliyoidhania neema ilikuwa hofu ya watu wake.

Kuomba radhi mbele ya watu aliowaajiri kulimwia vigumu. Hata hivyo akaenda akaketi chini, kwenye matope, mbele ya gurudumu la Nufail.

"Nilikupa ahadi nikaivunja," akasema. "Ulisema kweli nami nikakufedhehesha. Nisamehe, ndugu yangu, hata kama hutanionyesha mtungi."

Nufail alitazama mikono yake. "Vigae vile vizito, bwana," akasema. "Na mke wangu hajaacha kunicheka."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha Nufail mwenyewe akatabasamu. Akainuka, akaenda uani, akafungua majani. "Huu ni wangu," akasema. "Na ule pale." Bi Lubaba akamfuata, kisha mwingine, hata mitungi yote yenye nta ikatengwa.

Mundhir akamweleza mkuu wa msafara bila kuficha. Yule alinung'unika sana, akasema lau angejua angenunua kwingine. Mwishowe akachukua mitungi mizima, na pengo likajazwa kwa viriba vya ngozi kutoka nyumba ya Mundhir na za jirani zake. Mahujaji wakaenda wakarudi salama, alhamdulillahi.

Ada ya vigae ikaondolewa. Yasemekana kila tanuri lilipofunguliwa, Mundhir aliuliza kwanza kilichoharibika. Aliyemwonyesha, Mundhir alimwombea dua, kisha wakaketi pamoja kutafuta sababu. Mwaka ule ilionekana mitungi mingi yenye nyufa, wala hakukasirika.

Ndugu zangu, anayewaongoza wengine kazini asiharakishe kufurahia kimya chao. Huenda wanatamani kusema kweli, wanamngoja tu awe mtu wa kuambiwa. Mola atujaalie tuwe watu hao kwa walio chini yetu.