Mchoma Ngoma Hadai Mdundo

Siku moja tukichuma kahawa, jirani yangu Kandida aliniuliza, "Mama Eusebi, kwa nini mzee Otmari haji kanisani, na misa ya siku hizi ina ngoma mpaka madirisha yanatetemeka?" Nikamjibu: mchoma ngoma hadai mdundo. Nanyi wajukuu mmelisikia neno hilo, mnataka kujua lilitoka wapi. Basi lilitoka huku.

Zamani misa ilikuwa ya Kilatini, padre akitupa mgongo, sisi tukifuata kengele tu. Ngoma ilikuwa ya shetani. Aliyetaka ubatizo aliileta yake uwanjani kwa misheni, akaitia motoni mwenyewe. Otmari, kijana wakati huo, aliitia ya kwake. Baba yake, mzee Hyera, mpigaji hodari, alikataa. "Hii ndiyo iliyomzika baba yangu," alisema. Mzee Hyera alipokufa hajabatizwa, akazikwa nje ya ua wa makaburi, kwenye magugu. Otmari akakatazwa kwenda mazikoni. Akatii.

Miaka ikapita, likaja agizo kutoka Roma: misa iwe kwa lugha yetu, altare igeuzwe, hata ngoma ziingie. Mimi nilifurahi kuielewa sala, sidanganyi. Wazee wengine walinung'unika kwamba Mungu amehamishwa nyumba, na hawajanyamaza hadi leo. Halmashauri ya parokia ikamwita Otmari, maana hapa kwetu ufundi wa baba yake alibaki nao yeye peke yake. Marehemu mume wangu alikuwa mjumbe, nami nilikuwa nawamiminia chai.

"Mzee wetu," paroko alianza, "tuchongee ngoma, uwafundishe vijana. Pasaka imekaribia."

Otmari akauliza polepole, "Baba Paroko, ngoma si dhambi tena?"

"Haikuwa dhambi, mzee. Hatukuelewa."

Mjumbe mmoja akatania, "Shetani kahama, mzee, hakuacha hata anwani!" Wakacheka.

Otmari hakucheka. "Basi baba yangu hakuwa na kosa. Nitachonga, nitafundisha. Ninyi njoni mlibariki kaburi lake, na ua usogezwe, naye awe ndani."

Paroko akatazama meza. "Hakubatizwa, mzee. Hilo sina uwezo nalo."

"Kuchoma mlikuwa na uwezo."

"Mzee Otmari, yaliyopita si ndwele..."

"Nilimwacha baba afukiwe kama mbwa, kwa kuwa mliniambia ndivyo Mungu apendavyo. Leo nikamwambie nini?"

Mume wangu akawa anazungusha kikombe chake. Mimi nilimtazama paroko, nikingoja aseme walau, "Twende tukamsalie." Hakusema. Alirudia kwa upole tu kwamba Pasaka imekaribia, na vijana hawana mwalimu.

Otmari akasimama. Akavaa kofia yake mle mle ndani, mbele ya msalaba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu abatizwe.

"Mchoma ngoma hadai mdundo," akasema.

Akatoka. Wapigaji wakaletwa kutoka parokia nyingine, naye hajarudi kanisani hadi leo.