Uzi Uliotosha Mtu Mmoja

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na mtu!
Mtu alikuwa na nini?
— Alikuwa na ngozi!
Na ngozi ilisikia nini?
— Haikusikia kitu!

Basi sogeeni. Hapo kale, kale ya mababu wa babu zetu, palikuwa na nchi iitwayo Ganzi. Watu wa Ganzi waliona kwa macho na kusema kwa vinywa, lakini ngozi zao zilikuwa kimya kama gome. Ubongo ulikaa kichwani kama mfalme asiye na tarishi. Mkono ukiungua, mfalme hana habari. Mguu ukichomwa, mfalme hana habari. Mtu alivuja damu huku anacheka, jioni akaanguka akafa.

Huko aliishi mjane, jina lake Mwanamvua, na mwanawe wa pekee, Mwinchande. Siku moja mtoto alikaa jikoni anakula muhogo, anaimba, na kisigino chake kiko juu ya kaa la moto. Mama ndiye aliyenusa. Akamvuta, akamfunga kisigino kwa majani, akampakata. Akambana kifuani. Akambana tena. Akambana mara ya tatu.

"Mama, mbona wanibana hivi?"

"Sijui, mwanangu. Kuna kitu nakitafuta hapa, nami sikipati."

Ilikuwa kama kupakata gogo.

Ndege Tetere alikuwa juu ya paa. Akasema, "Unachokitafuta kipo. Mimi ninacho, na makinda yangu wanacho. Nenda kwa Mvule, nenda kwa Buibui, nenda kwa Nyuki."

Mwanamvua akamwacha mtoto kwa dada yake, akashika njia.

Akafika kwa Mvule. "Hodi!"

"Karibu. Watoka wapi, wataka nini?"

"Natoka Ganzi, nataka nisichokijua jina."

Mvule akajitikisa, zikaanguka mbegu ndogo kuliko mtama, kila moja imeota vitawi. "Vitawi vitapokea habari. Mbegu itazipima: iliyo dhaifu itaiacha ife, iliyo na nguvu itaituma mbele. Lakini mbegu haina mkia wa kupitishia habari. Nenda kwa Buibui."

Akafika kwa Buibui. "Hodi!"

"Karibu. Watoka wapi, wataka nini?"

"Natoka Ganzi, nataka nisichokijua jina."

Buibui akatia kila mbegu mkia wa uzi. Mwingine mfupi kama kope, mwingine mrefu wa kutoka mgongoni mpaka kidole cha mguu. Kisha akasema, "Bibi, mimi nimezeeka. Huo ndio uzi wote uliokuwa tumboni mwangu. Unatosha mtu mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Mwanamvua akafunga mzigo wake. Akaenda kwa Nyuki. "Hodi!"

"Karibu. Watoka wapi, wataka nini?"

"Natoka Ganzi, nataka nisichokijua jina."

Nyuki akampa nta. "Uzungushie uzi, habari isivuje. Ila usiufunike wote. Acha vipengo, cheche irukeruke kutoka kipengo hadi kipengo, ifike upesi. Nawe ujue, mimi nina asali na nina mwiba. Atakayesikia kimoja, atasikia na cha pili."

Njiani akavuka mto. Maji yalipita miguuni mwake asijue ni ya baridi au ya moto. Akasimama katikati, mzigo kichwani. Akasema peke yake, "Kama ningejitia mimi, leo hii ningempakata mwanangu nikamjua." Alitaka, jamani. Alitaka mpaka jua likamhama.

Alipofika, alimkuta Mwinchande anakimbizana na wenzake. Kisigino kimeoza, na mtoto anakikanyagia mawe.

Hapo hakufikiri tena. Akamlaza, akazizungushia nyuzi nta na kuacha vipengo, akamtia moja moja, kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo, kutoka mgongoni hadi vidoleni. Na kila uzi akaufunga fundo na mwenzake, zisije zikaachana.

Loo! Akamgusa kidole, mguu ukarusha teke, jicho likatoa machozi, mdomo ukacheka, vyote kwa pamoja.

"Fungua!" akapiga kelele Tetere. "Habari moja inakwenda kila mahali! Ziache zikae jirani, zisigusane. Mwisho wa kila uzi weka vifuko vya matone. Cheche ikifika ukingoni, tone livuke, limwamshe jirani."

"Hazitagusana kamwe?"

"Nyingi zitaishi hivyo, kutumiana salamu tu."

Mwanamvua akayafungua mafundo, akaweka vifuko, machozi yanamtoka, asijue analia nini.

Kisha Mwinchande akalia kilio ambacho Ganzi haijapata kukisikia. "Mama! Mguu! Umenitia nini? Kitoe!"

"Sikitoi. Kinakuambia mguu ni mbovu. Tulia nikuoshe."

"Sikutaki! Usinishike!"

Akamsukuma. Mama akaosha, akafunga, akasukumwa tena. Mpaka kidonda kikapona.

Jioni moja, Mwinchande ameketi mlangoni, mama akapita akamwekea kiganja shingoni. Mtoto akashtuka. Mama akaondoa mkono haraka.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Urudishe."

Akaurudisha. "Mkono wangu ukoje?"

Mtoto akatafuta neno, na Ganzi haikuwa nalo. "Ni kama... kama mtu amefika nyumbani."

"Nani?"

"Wewe, mama."

Mwanamvua akakitazama kiganja chake. Kilikuwa kimya, kama siku zote. Akasema, "Niambie tena."

Akamwambia tena. Na kila jioni alimwambia, mpaka mama akawa ajuza, na hata siku ya kufa kwake aliuliza ukoje, naye akaambiwa.

Wana wa Mwinchande walizaliwa na nyuzi zao, na wana wa wana, hata sisi. Wasomi huziita neva, na ile mbegu huiita seli.

Na funzo ni hili: uchungu ni tarishi, usimfukuze kabla hujasikia alichotumwa. Na aliyekushika leo, mwambie kuwa umesikia.

Ngano yangu nimeitua. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaitie asali. Na wewe uliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, usinitazame mimi: simama uuchezeshe!