Gari Jekundu la Fundi Vuai

Hapo zamani, magari yalipokuwa yakihesabika kwa vidole na masultani wakiwa wengi kuyapita, palikuwa na fundi mmoja katika mji wa Shangwani, jina lake Vuai. Hakuwa na shamba wala mnazi, ila alikuwa na gari la mbio la viti viwili, jekundu kama pilipili iliyoiva.

Wasiojua walidhani ni urithi. Lakini gari lile lilitupwa na tajiri mmoja mgeni nyuma ya ghala alipohama, likakaa huko bila magurudumu, usukani, viti wala injini, hata kuku wakaatamia mahali pa injini. Basi Vuai akaliomba kwa mwenye ghala, akapewa, akalikokota kwa punda wawili mpaka kwake, akalishughulikia miaka saba. Injini aliiunda mwenyewe. Springi za chini alizipunguza urefu kwa vidole viwili, gari likainama kidogo kama mtu anayenong'onezwa. Usukani aliuchonga kwa mti wa mninga, na viti vikashonwa kwa ngozi ya mbuzi na mkewe, Bi Kazija. Urembo mwingine hakuutaka. Akisema gari likivaa bangili nyingi hugeuka bibi harusi. Kila mwezi ukiandama alilibadilishia mafuta.

Ikawa mwaka huo paa la nyumba yao likaporomoka upande mmoja, na masika yamekaribia. Bi Kazija akasema, "Mume wangu, gari linalala pakavu, sisi tutalala na ndoo."

Vuai akaona ni kweli, na kweli ile ikamchoma. Asubuhi akatundika kibao: LINAUZWA, HALINA MARADHI.

Habari zikamfikia Sultani Harith, naye akaagiza aletewe gari na mwenyewe. Akalizunguka mara tatu, akaketi ndani, akapiga honi, akauliza, "Bei yake?"

"Bwana wangu, nyumba moja ya mawe yenye paa jipya."

"Gari hili uliliokota?"

"Nililiokota, Bwana."

"Na haya uliyoyaongeza, nani alikutuma?"

"Sikutumwa na mtu."

"Basi kazi isiyo na mtumaji haina ujira. Nitalipia gari kama ulivyolikuta: gunia moja la mpunga. Ukikataa, utakaa gerezani kwa kumnyima mtawala wako."

Kadhi akaandika hati, kwamba Sultani amenunua gari la Vuai kama alivyolikuta, kwa gunia moja la mpunga, naye Vuai atalileta Ijumaa baada ya sala, mbele ya wageni. Vuai akaisoma mara mbili.

"Bwana wangu, 'kama nilivyolikuta'?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Usiongeze neno."

"Sitaongeza kitu, Bwana," akasema Vuai, akatia sahihi.

Akarudi nyumbani na gari lake, akavua kanzu, akaanza kulifungua. Kila parafujo iliyotoka ilimuuma kama jino. Bi Kazija alipomkuta anakwangua rangi nyekundu akadhani mumewe amerukwa na akili.

"Unafanya nini, baba?"

"Natimiza hati," akajibu, akaendelea kukwangua, na machozi yakimtoka. Akasingizia vumbi la rangi.

Ijumaa ikafika. Sultani alikuwa amemwalika liwali wa nchi jirani, aone mwenzake anavyokwenda mbio. Mazulia yakatandikwa, zumari zikapigwa. Mara akatokea Vuai na punda wawili, wanakokota bodi la gari lisilo na magurudumu, usukani, viti wala injini. Ndani yake kuku watano wameatamia.

Zumari zikanyamaza.

"Gari langu liko wapi?" akauliza Sultani.

"Ndilo hili, Bwana wangu. Uniwie radhi katika mambo mawili. Kutu yote sikuweza kuirudisha, ingawa nimejitahidi kwa maji ya chumvi. Na kuku wale wa kwanza wamekwisha kufa. Hawa ni wajukuu zao."

"Na usukani?"

"Aliyeuongeza hakutumwa."

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akaifungua hati, akaisoma, akaikunja polepole. "Bwana wangu, haina kasoro."

Liwali akaziba mdomo kwa kilemba chake, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika. Uso wa Sultani ukaiva kwa aibu. Kuku mmoja akainuka, akatetea kwa fahari kama aliyetaga, na hapo Sultani mwenyewe akashindwa kujizuia. Akacheka hata akashikwa mkono asianguke.

"Vuai," akasema alipopata pumzi, "vile ulivyoviondoa, ni vya nani?"

"Vyangu, Bwana. Havimo katika hati."

"Na akipatikana mtumaji?"

"Kazi yenye mtumaji ina ujira."

"Basi nakutuma, na hawa ni mashahidi. Nyumba ya mawe."

"Yenye paa jipya," akasema Vuai.

"Yenye paa jipya! Kadhi, andika, na safari hii nitaisoma mwenyewe."

Mvua ya kwanza ilimkuta Bi Kazija amelala chali katika nyumba mpya, anaisikiliza juu kwa raha. Gari nalo likakamilika, jekundu kama mwanzo, na Vuai akaenda kumfundisha Sultani kuliendesha. Sultani akakanyaga mafuta, gari likanguruma, watu wakapisha njia. Mbele wakaona kona kali ya ukuta wa forodha.

"Vuai, kona ile ni yangu, na nchi yote ni yangu," akasema Sultani. "Nipite vipi?"

Vuai akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Bwana wangu, kona haimjui sultani. Punguza mwendo."

Sultani akapunguza.

Nami niliyewasimulia nimefika. Aliyecheka achukue kicheko chake, asiyecheka namwombea paa lisilovuja.