Fisi Alivyosomea Mlima

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mlima, kichwani barafu.
— Na miguuni?
Miguuni fisi mwenye njaa. Sogeeni basi, na wewe mwenye mahindi usinitafunie sikioni.

Hapo kale Pimbi alikuwa na bibi yake aliyeishi juu kabisa majabalini. Baridi ilikaribia, na bibi hakuwa na chakula. Pimbi akavuna viazi vitamu, akavuna ndizi, akajaza gunia. Akalivuta, hee! Gunia halikujongea. Akakaa akalia, maana bibi huyo ndiye aliyemlea.

Fisi akapita, akanusa. "Mpwa wangu, gunia la nini?"

"La safari ya mlima, mjomba."

"Basi twende wote! Nitabeba mimi, tutakula wote." Moyoni akasema: nakula viazi, nashushia na Pimbi.

Pimbi akayaona mate yakimdondoka, akajua. "Ahsante, mjomba. Lakini mlima haupandwi kwa pupa. Kwanza tusome kitabu cha mlima."

Wakasoma. Yaani Pimbi alisoma. Fisi alifunua kurasa, fwa! fwa! fwa! akitafuta picha ya nyama. Hakuna. Akalala, khorrr.

"Umesoma, mjomba?"
"Nimesoma!"
"Umeelewa?"
"Nimeelewa! Tule?"
"Bado, mjomba."

Wakaenda kibandani kutazama filamu za wapanda milima. Theluji ikaporomoka, porooo! Fisi huyo, chini ya benchi.

"Umeona, mjomba?"
"Nimeona!"
"Umeelewa?"
"Nimeelewa! Tule?"
"Bado, mjomba."

Wakachora mpango majivuni: njia hii, mapumziko pale.

"Na pa kulia?" Fisi akauliza.

"Juu kabisa. Tumbo likijaa njiani, pumzi hukata. Si ulisoma, mjomba?"

"Nilisoma!"

Wakaondoka. Fisi na gunia, pu! pu! pu! Pimbi nyuma yake: "Pole pole, mjomba, pole pole." Wakafika kwa bibi, Fisi ulimi nje.

"Sasa tule!"

"Kitabu kinasema panda juu, lala chini, mwili uzoee. Utakula kesho. Si ulisoma?"

Fisi alikuwa radhi afe kuliko kusema hakusoma. "Nilisoma! Na wewe je?"

"Mimi mpishi, mjomba. Mpishi hulala na vyungu."

Fisi akashuka. Asubuhi akapanda tena, hema hema hema.

"Kichwa kinauma, mjomba?"
"Kinauma! Na tumbo!"
"Maskini! Huo ndio ugonjwa wa mlima. Dawa yake kushuka. Si ulisoma?"
"Nilisoma!"

Akashuka. Kesho yake akapanda, akashuka. Kesho kutwa akapanda, akashuka.

Bibi, mashavu yamejaa ndizi, akauliza, "Mjukuu wangu, nani huyu anayekuja kutuamkia kila siku?"

"Mjomba Fisi, bibi. Msomi."

"Msomi, na mbavu zote nje? Jamani!" Bibi akamhurumia kweli, akamviringishia kiazi kimoja, guru guru guru, mpaka bondeni. Fisi akakila na udongo wake. Kisha akawatangazia wanyama wote kwamba hakuna aliyeupanda mlima ule kama yeye. Na hapo, wapenzi wangu, hakusema uongo.

Ngano yangu imekaa kitako. Aliyeshiba anawe mikono.

Na funzo lake? Watoto, msisome sana. Kusoma kunachosha mwili. Hamniamini, muulizeni Fisi mgongo wake.