Salamu za Mtemi Kisabo

"Na nikipunguza neno moja?"

"Nitakukata kichwa," alisema Mtemi Kisabo.

"Na nikiongeza?"

"Ongeza upendavyo! Ila mwambie Mtemi Ng'wala kwamba ana tumbo la kiboko, na jeshi lake ni vikongwe watupu."

"Akisikia hayo atavuka mto leo hii, Mtemi."

"Ndicho ninachotaka. Nenda!"

Nyamizi, mpeleka ujumbe, hakubishana tena. Mwezi mzima majeshi mawili yalikuwa yakitishiana mikuki kutoka kingo mbili za mto, na mumewe alipangwa safu ya mbele kabisa. Akavuka.

Alasiri alirudi akimvuta beberu mweupe.

"Umemwambia?"

"Neno kwa neno, mbele ya wazee wake wote."

"Akakasirika?"

"Alicheka mpaka akashika mbavu. Anasema wewe una miguu ya korongo, na askari wako wanamkimbia jogoo."

Kisabo akanyakua mkuki wake. "Anacheka nini?"

"Uliniruhusu kuongeza, Mtemi. Nilipofika nilimfungua huyu beberu uani kwake bila kuomba, nikasema, 'Mtani wako Kisabo amenituma.' Ndipo nikatoa maneno yako. Wazee wakakumbuka kwamba babu zenu walikuwa watani, na mtani hakasirikiwi, hata akitukana au akichukua mali yako."

Mtemi alimtazama beberu, kisha akautazama mkuki.

Nyamizi alimfunga beberu kwenye nguzo, akaaga. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Kesho anakuja mwenyewe kumchukua fahali wako," alisema. "Usinune, Mtemi. Watu wote watakuwa wanatazama."