Bibi Harusi Aliyeonekana Kabla

Ndugu zangu, leo nazungumza zaidi na nyinyi mliofungua biashara ndogo ndogo. Na akina mama kule nyuma ya pazia msisinzie, maana mfano wenyewe ni wa saluni. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asitoke hapa akaanza kunong'ona kwamba shehe kamsema fulani.

Palikuwa na mwanamke mmoja, mpambaji wa maharusi. Mkono wake kwenye hina na piko ulikuwa mwepesi, hata watu wa mitaa ya mbali walimfuata. Akishafunga mlango wa saluni, mabibi harusi walivua mashungi yao bila wasiwasi, kwa sababu ndani hamna mwanamume, na yeye walimwamini. Sasa saluni nyingine ikafunguliwa ng'ambo ya barabara, picha zimejaa mlango mzima, wateja wakaanza kuhama. Mpambaji wetu akaingiwa na hofu ya riziki. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye akasema hiyo ilikuwa zamani, siku hizi hata chema lazima kijitembeze.

Basi akampamba binti mmoja, siku yenyewe ya harusi. Nywele zimesukwa na kutiwa asumini, piko imepanda mpaka mabegani. Akampiga picha, akamwambia ni ya ukumbusho. Binti alipotoka tu, mpambaji akaiposti kwenye simu, kila mwenye namba yake aione, nao wakarushiana. Hakumwuliza. Aliona ni kazi ya mikono yake, sasa amwulize nani?

Mila zetu mnazijua. Bibi harusi hufichwa, bwana harusi akaingia kumpa mkono, akainua mtandio, na hapo ndipo anapomwona alivyopambwa kwa ajili yake. Huyu bwana harusi akaingia, akainua mtandio, uso umemkunjamana. Akamwambia, "Mimi nimeshakuona. Na wenzangu wote waliokuja kwenye nikahi walikuona kabla yangu." Jamani! Yule binti alilia mpaka wanja ukamchuruzikia kwenye nguo yake nyeupe. Naumia hata kuwasimulia.

Kesho yake somo wa binti, yule mama aliyemfunda, akaenda saluni.

"Mwanangu," akamwambia mpambaji, "yule mtoto alivua ushungi mbele ya nani?"

"Mbele yangu, mama. Lakini mbona alipendeza! Na ile kazi si yangu?"

"Piko ni yako. Nywele ni za nani?"

Hivi sisi tungejibu nini? Mpambaji akajitanda kanga, akaenda kwa wazazi wa binti kuomba radhi. Hakuambiwa yamekwisha. Aliambiwa, "Tumesikia," akarudi kwake na aibu yake. Akafuta picha za maharusi wote waliokuwamo simuni. Tangu hapo, mteja akiingia, mpambaji huchukua simu yake mwenyewe kwanza akaifungia kabatini. Anayetaka kupigwa picha huulizwa iende wapi na aione nani, na akisema hapana, basi ni hapana. Biashara ilipungua, nisiwadanganye. Kuna siku alikaa peke yake akajipaka hina mwenyewe ili mikono isisahau kazi.

Mwaka ukapita. Alasiri moja mlango ukafunguliwa, akaingia yule yule binti, sasa ana mtoto mgongoni, kaongozana na mdogo wake aliyekuwa karibu kuolewa. Mpambaji akasema moyoni, leo wamekuja kunisuta. Yule mdogo mtu akasema, "Dada, hebu tuonyeshe picha za kazi zako."

"Sina, mdogo wangu. Waliopambwa hapa wako majumbani kwao."

Msichana akamgeukia dada yake kwa mshangao. "Mpambaji gani huyu hana hata picha moja?"

Dada yake akaurudishia mlango, akamjibu, "Huyo huyo ndiye tuliyemfuata. Vua ushungi."

Ndugu zangu, mteja akija kwetu anatuachia fedha yake na anatuachia na siri yake. Wewe mwenye duka la dawa, kwa nini unautaja ugonjwa wa mtu kwa sauti, foleni yote isikie? Fundi simu, uliletewa kioo kilichopasuka, huko kwenye picha za mwenyewe unatafuta nini? Na wewe wakala wa kutoa pesa, salio la jirani yako limefikaje barazani? Sheria ya nchi inasema habari za mtu zisitangazwe bila ridhaa yake, na udogo wa duka si kinga. Lakini sisi hatuna haja ya kungoja afisa atukumbushe, maana neno amana tumelelewa nalo tangu tumbo la mama. Najua kuna anayesema moyoni, shehe, mimi nimeshachelewa, nimeshasambaza mengi. Yule mwanamke naye alikuwa ameshachelewa. Aliomba radhi, akabadilika, na yule binti aliyeumizwa ndiye aliyemletea mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe. Hamfurahi? Mimi nafurahi sana, kwa sababu maana yake nasi tuna nafasi.

Bado kidogo magharibi iadhiniwe. Toeni simu zenu. Msinitazame mimi, tazameni zile picha ambazo wenyewe hawajui kama mnazo. Anzeni kufuta.