Jina la Mtoto wa Saumu

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina watu watatu waliofanya jambo moja, nami ninayeisimulia nimeshindwa kuimaliza. Nimeileta kwenu mnisaidie.

Mtaa wa Mabawa, mjini Tanga, kulikuwa na nyumba ya wapangaji yenye baraza ndefu. Hapo aliishi Saumu, mwanamke mpole, mwenye mimba ya miezi minane. Ilikuwa mimba yake ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa. Mumewe, Hatibu, alikuwa fundi mwashi. Siku hizo alikuwa na kazi Handeni na alirudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi.

Katika nyumba hiyo waliishi pia hao watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Mwanakombo, dada yake Hatibu, kipaji chake kilikuwa macho. Aliuza khanga sokoni, na khanga aliyoiona mara moja hakuisahau. Mteja akimwambia, "Nataka kama ile niliyochukua mwaka juzi," yeye alimtajia mpaka maua ya pindoni.

Mzee Shekue alikuwa na masikio. Alitengeneza injini kwa miaka arobaini, na sasa macho yalikuwa yamepofuka kabisa. Alikaa barazani akitambua magari ya mtaani kwa mlio tu. Hakuwa na mtoto, na mkewe, Zena, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Nyange, dereva wa bajaji, alizijua njia. Alikulia kwenye kambi za mkonge na mama yake, na hakuna kichochoro kati ya mji na mashamba ambacho hakukipita kwa miguu kabla ya kukipita kwa magurudumu.

Siku moja ya Jumatano, Saumu aliona kitanda cha mtoto kwenye kundi la kuuziana vitu mtandaoni. Kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi nyeupe, kina chandarua chake. Muuzaji alijiita Mama Rayani. Alieleza kwamba mwanawe amekua na kitanda kinamjazia chumba. Saumu akampigia simu mumewe.

"Subiri Jumamosi, twende wote," Hatibu alimwambia.

"Anasema kuna mtu mwingine anakifuata leo mchana. Na ni mwanamke mwenzangu, mume wangu. Ana mtoto."

"Basi mkutane stendi, penye watu. Usimfuate kwake."

Saumu alikubali, na Mama Rayani naye alikubali. Lakini Saumu alipofika stendi akapata ujumbe mwingine: mtoto ameamka na homa, siwezi kumwacha, namtuma mdogo wangu akuchukue kwa pikipiki, si mbali. Saumu alisimama pale kitambo, mkono tumboni. Akamfikiria yule mama aliyefungiwa ndani na mtoto mgonjwa, akaona aibu kumshuku. Akapanda.

Saa nane mchana Mwanakombo alirudi kutoka sokoni. Alikuta ujumbe wa wifi yake: "Nimekwenda kuchukua kitanda, ona kilivyo kizuri," na picha chini yake. Mwanakombo akaitazama picha, akakaa chini. Nyuma ya kitanda palikuwa na pazia la kijani lenye majani ya mgomba, limeraruka kwenye kona. Pazia hilo alikwisha kuliona mtandaoni mwezi uliopita, kwenye picha ile ile, na muuzaji alikuwa mwanamume wa Moshi. Hapo hapo akapiga simu.

Saumu aliipokea, lakini hakujibu. Ilisikika sauti ya mwanamume ikisema, "Toa pochi." Kisha vishindo, na Saumu akilia, "Jamani, mimi mjamzito." Alikuwa ameificha simu ndani ya khanga ikiwa wazi.

Mwanakombo alikimbilia barazani. Kwa simu ya jirani aliwapigia polisi, nao wakauliza, "Yuko wapi?" Hata yeye hakujua.

Mzee Shekue akasema, "Niletee hiyo simu, mwanangu. Nyamazeni wote." Akaibandika sikioni. Mwanakombo alisikia kilio cha wifi yake tu, lakini mzee aliinamisha kichwa akisikiliza kilichokuwa nyuma ya kilio. Kwa mbali palikuwa na injini inayovuta, inakwama kidogo, inavuta tena. Simu ikakatika.

"Hiyo ni mashine ya kusaga kokoto ya machimbo ya zamani, kule nyuma ya mkonge," alisema. "Niliifunga kwa mikono yangu, na huko kukwama kwake kulinishinda kabisa. Wako upande wa juu, upepo unawaletea mlio. Pale pana banda moja tu, lile la kupimia mkonge."

Mwanakombo aliwaeleza polisi. Waliahidi kuja, lakini barabara ya machimbo inazunguka mbali.

Nyange alikuwa amekwisha kuwasha bajaji. Hakuifuata barabara. Alikata katikati ya mkonge, kwenye vijia ambavyo hata baiskeli hupita kwa shida, miba ikikwaruza turubai pande zote mbili. Alipofika bandani, Saumu alikuwa amelala kifudifudi, khanga imelowa damu. Walimsukuma alipogoma kuachia pochi. Mwanamume mmoja alikuwa amekwisha kukimbia. Wa pili alisimama na panga. Nyange hakuwa na silaha. Alikinga kwa mkono wa kulia, panga likamkata mishipa ya kiganja, naye hakurudi nyuma mpaka yule mtu akaona heri akimbie. Akambeba Saumu kwa mkono mmoja na bega, akaendesha hivyo hivyo mpaka hospitali.

Njia nzima Saumu alikuwa akiuliza, "Tumefika?"

"Karibu, dada. Karibu."

Daktari alisema kama wangechelewa robo saa tu, wangewapoteza wote wawili. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, msichana, mdogo lakini analia. Saumu alikuwa ameishiwa damu. Alizinduka mara moja tu, muuguzi akamwekea mtoto kifuani. Akamnusa kichwani, akasema kwa sauti iliyosikika kwa shida, "Aliyenifikisha hapa ndiye ampe mwanangu jina."

"Nani huyo, mama?" muuguzi aliuliza.

Saumu alikuwa amefumba macho. Hakuyafumbua tena.

Wale wanaume walikamatwa wiki ile ile. Hapakuwa na Mama Rayani, wala mtoto mwenye homa. Kitanda chenyewe hawakuwahi kukiona kwa macho yao, ila picha tu.

Siku ya saba Hatibu aliketi barazani na mtoto mikononi, kwa ajili ya kumpa jina. Muuguzi alikuwa amemfikishia maneno ya marehemu, naye hakutaka kuyavunja. Nanyi mnajua kwetu mtoto akipewa jina la mtu, wanakuwa somo. Ni udugu wa maisha.

Mwanakombo alisema, "Kaka, bila mimi kuitambua picha ile, tungekaa tukimsubiri mpaka jioni. Naomba aitwe Saumu. Nataka jina hilo liendelee kuitwa ndani ya nyumba hii."

Hatibu aliinama. Hakujua kama angeweza kuliita jina hilo kila siku.

Mzee Shekue alisema, "Mwanangu, dada yako alijua kuna hatari, lakini hakujua ni wapi. Mimi ndiye niliyewaonyesha mahali. Naomba aitwe Zena. Nikifa mimi, hakuna atakayelikumbuka jina hilo duniani."

Zamu ya Nyange ikafika. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji, na daktari alikwisha kumwambia kwamba vidole havitakunjika tena. Bajaji alikuwa ameirudisha kwa mwenyewe.

"Wao walijua, mimi nikaenda," alisema. "Alisema aliyemfikisha, na mikono iliyombeba ni hii. Naomba aitwe Mwajuma, jina la mama yangu. Sitakuwa na uwezo wa kumtunza mama tena, angalau nimpelekee somo."

Hakuna aliyegombana. Mwanakombo alikuwa analia, na mzee alikuwa amemshika Nyange begani. Hatibu alimsogeza mtoto karibu na mdomo wake, tayari kumnong'oneza jina sikioni, na mpaka ninaondoka pale alikuwa bado hajatamka kitu.

Macho yaliyotambua, masikio yaliyoelekeza, mikono iliyobeba. Kama mmoja wao angekosekana, mtoto huyu asingekuwepo. Je, ungekuwa wewe ndiye Hatibu, ungemwita nani?